Habari za Maumivu

Wauguzi wa wodi ile walimwita Mama Maswali, tena mbele yake, naye alicheka tu. Jina lilimkaa. Alikuwa mtafiti, na utafiti wake wote ulikuwa wa kuuliza: watu waliokwisha kuambiwa kwamba hawatapona wanaumwa kiasi gani, nani anaamua wapewe dawa ipi, na haki gani ya mgonjwa daktari hana ruhusa ya kuikanyaga hata akiwa na nia njema. Chuoni alifundisha maadili ya udaktari. Wodini alikuja na kiti chake cha kukunja, kwa sababu viti vya pale vilikuwa vichache na hakutaka kumnyang'anya ndugu wa mtu mahali pa kukaa.

Hebu tumtazame akiingia, maana mambo yote yanaanzia hapo. Watafiti wengine, na wodi ile iliwaona wa kila aina, waliingia kama wasoma mita: wanauliza, wanaandika, wanaondoka. Yeye hapana. Alisimama kwanza miguuni pa kitanda. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Salama. Watoto hawajambo? Hawajambo. Jana walikuja? Walikuja. Ndipo alipokunjua kiti, akakaa, akamshika mgonjwa mkono, na kwa sauti ya chini akauliza swali lake ambalo wauguzi walimwigiza nalo kwenye chumba cha chai mpaka chai ikawapalia: "Na habari za maumivu?"

"Nzuri, mwanangu," alijibiwa. "Si kama mwanzo."

Hapo alitoa kadi ya nyuso. Ilikuwa kadi ngumu yenye nyuso zilizochorwa kwa mstari, kushoto uso unaocheka, kulia uso unaobubujikwa na machozi, na mgonjwa alitakiwa aguse uso unaofanana na maumivu yake. Karibu wote waligusa ule wa pili kutoka kushoto, uso wa mtu ambaye hana furaha sana lakini hana neno na mtu. Mama Maswali aliandika, akashukuru, akamfunika mgonjwa miguu, akaenda kitanda kinachofuata.

Nzuri hizo alizikusanya kwa miaka. Alipozipanga aligundua kwamba wagonjwa waliopewa mofini kidogo walisema hawajambo sawasawa na wale waliopewa nyingi. Hospitali, ambayo mofini yake ya kunywa haikuwahi kutosha, ilipokea habari hizo kwa mikono miwili. Ukatungwa mwongozo: mgonjwa aanze na kipimo kidogo, na asiongezewe mpaka mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba ameumia, na aguse nyuso za kulia. Mama Maswali alipigiwa makofi. Aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba amewapa wagonjwa sauti.

Adabu ile ya kusalimia alifundishwa na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwembamba mwenye tepu shingoni na pini mdomoni, na mambo mengi aliweza kuyasamehe ila si mtoto kumpita mtu mzima bila salamu. Siku moja mdogo wake alirudi kutoka shuleni na njaa, akampita jirani getini kama amepita nguzo. Dada alimwona dirishani. "Rudi getini, uingie upya," alisema, na mtoto akarudi, akaingia upya, akasalimia huku analia. Tangu siku hiyo hakumpita mtu.

Sasa dada huyo ndiye aliyelazwa wodini. Ugonjwa ulianzia kwenye titi, ukaingia mifupani, na ulipofika mgongoni madaktari waliacha kuzungumzia kupona. Alipewa kitanda cha pili kutoka dirishani. Dirishani penyewe alilala mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa kwenye utafiti wa Mama Maswali tangu alipolazwa, na ambaye kila mtu alimwita Mama wa Dirishani.

Asubuhi ya kwanza Sista, muuguzi mkuu mwenye ufunguo wa kabati la dawa, alifika kwa Dada. Naye alifuata mwongozo neno kwa neno. Alisalimia, akauliza watoto, kisha akauliza habari za maumivu.

"Nzuri," Dada akasema, akagusa uso wa pili.

Mama Maswali alikuwa amekaa pale pale. Alitazama mkono wa pili wa dada yake, ule uliokuwa juu ya shuka. Dada alikuwa anakunja upindo wa shuka, vikunjo vidogo vidogo, akivikandamiza kwa ukucha kimoja baada ya kingine, kama anavyoifanya sketi ya shule kabla ya kuipiga pasi. Hivyo ndivyo alivyofanya siku sindano ya cherehani ilipomtoboa kidole mpaka upande wa pili. Hakupiga kelele siku ile. Alikunja kitambaa kizima, kisha akasema, "Nenda kaniitie jirani, taratibu, usikimbie." Na shuka hii ilikuwa imekunjwa kutoka pembe hadi pembe.

Mama Maswali alitaka kusema, lakini Sista alikwisha kuandika na kusogea mbele.

Alimfuata daktari wa wodi ofisini kwake, chumba chembamba chenye kabati la faili na sinki inayovuja. Daktari alikuwa kijana aliyepita mikononi mwake chuoni, na mpaka leo alimwita Mwalimu na kusimama akiingia.

"Dada yangu anaumwa," Mama Maswali alisema. "Anaumwa sana. Mwongezee dawa."

"Pole, Mwalimu. Lakini kadi yake inasema hajambo."

"Anadanganya."

Daktari alikaa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Mwalimu, ni wewe uliyetufundisha kwamba ndugu asimsemee mgonjwa. Tena ulitupa mfano, ukasema ndugu huona maumivu yake mwenyewe kwenye uso wa mgonjwa. Niliuandika, mpaka leo ninao."

"Achana na niliyofundisha. Huyu namjua. Nimelelewa naye."

"Na wale wengine uliowauliza?" daktari aliuliza, na haikuwa kejeli, alitaka kujua kweli. "Wao walisema ukweli?"

Mama Maswali alikumbuka vitanda vyote. Aliwaona mmoja mmoja, watu wazima waliolelewa kama alivyolelewa yeye, wamesalimiwa kwa heshima, wameshikwa mkono, wameulizwa habari. Na mtu akiulizwa habari anasema nini? Anasema nzuri. Hata nyumba yake ikiungua, atasema kwanza nzuri, kisha aombe maji. Baada ya kujibu salama mara kadhaa mfululizo, nani angekuwa na uso wa kugusa uso unaolia? Wangekuwa wamejikana wenyewe mbele ya mgeni mwenye adabu. Alisoma vitabu vyote kuhusu wagonjwa wanaomficha mtafiti kwa kumwogopa, na kwa hiyo akajifanya mtu asiyeogopwa hata kidogo. Hakuwahi kufikiri kwamba wangemficha kwa kumheshimu.

"Sijui," alisema. Alijua.

"Mwongozo si mimi niliyeutunga," daktari alisema taratibu. "Na chupa kabatini ni moja. Akisema mwenyewe, nitamwongezea. Asiposema, siwezi."

Basi alirudi kitandani, na kilichofuata hakikuwa mahojiano, kilikuwa maombi. Alivuta pazia. Alipiga magoti sakafuni, mwanamke mzima mwenye mvi na miwani ya kamba, akamshika dada yake mkono.

"Dada, sema unaumwa. Neno moja tu. Daktari yuko tayari."

"Mimi sijambo."

"Umekunja shuka yote hii!"

"Nimezoea kazi. Mikono haikai bure."

"Dada, nakuomba. Kwa ajili yangu."

Dada alimtazama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, lakini yalikuwa yale yale yaliyomrudisha getini. "Ulipokuwa mdogo," alisema, akavuta pumzi kwa shida, akavuta nyingine, "nilijichoma sindano, ukalia mpaka ukatapika. Siku tatu hukula. Nikaapa."

"Nilikuwa mtoto!"

"Na sasa hivi unafanya nini?"

Mama Maswali alijigusa shavu, likawa limelowa. Hapo uvumilivu ukamwisha. Alipandisha sauti, akamwita dada yake kichwa ngumu, akamwambia anamuua kwa adabu zake, maneno ambayo maishani hakuwahi kumtamkia. Upande wa pili wa pazia wodi nzima ilisikia. Dada alikunja kikunjo kingine, akakikandamiza.

"Unaona?" alisema. "Ndiyo maana sisemi."

Siku hiyo Mama Maswali hakula. Alizunguka ua wa hospitali, kati ya gari la wagonjwa bovu na kamba za kuanikia, akijaribu kufikiri kama mtafiti huku akiwa hoi kama mdogo wa mtu. Daktari alikuwa na adabu, wauguzi walikuwa na adabu, watoto wa Dada waliokuja jioni na maua ya plastiki walikuwa na adabu kupita kiasi. Kila aliyefika kitandani pale alianza na salamu, na salamu ilimfunga Dada mdomo. Alihitajika mtu asiyemsalimia. Na duniani, kwa alivyojua yeye, mtu wa namna hiyo alikuwepo mmoja.

Alikuwa wifi yao, mjane wa kaka yao, mwenye saluni ya nywele na ulimi usio na breki. Siku ya harusi yake, Dada alimtazama kucha akasema kwa sauti ya kusikika, "Hizi zitaosha vyombo kweli?" Bibi harusi, akiwa bado na shela kichwani, akajibu, "Zangu hazijafukuza mume, wifi." Na mume wa Dada alikuwa amemwacha mwaka ule ule. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Walikutana misibani wakapitana kama milango, na kaka yao alipokufa walilia chumba kimoja kila mmoja ameelekea ukuta wake.

Mama Maswali alimkuta saluni, kitana mkononi, mteja chini ya mashine ya kukaushia nywele.

"Mimi?" Wifi alisema baada ya kumsikiliza. "Niende kwa yule? Akiniona si atakata roho kwa hasira?"

"Afadhali hasira. Wifi, nimekwama. Sina mwingine."

Wifi alichana, akachana. Mteja alilalamika kwamba anaumizwa, Wifi akamwambia atulie. Kisha aliweka kitana chini, akafuta mikono kwenye aproni, akatafuta pochi yake.

"Simsalimii," alisema. "Nakwambia kabisa."

"Usimsalimie. Nakuomba usimsalimie."

Lilibaki jambo moja, na hilo ndilo lililomlemea kuliko yote. Kwenye darasa lake, kila mwaka, somo la kwanza lilikuwa hili: mgonjwa hasikilizwi kwa siri, kwa sababu yoyote, hata kwa faida yake. Aliwahi kumfelisha mwanafunzi kwa kosa hilo. Sasa alimwomba daktari asimame nyuma ya pazia na anyamaze.

"Mwalimu," daktari alisema.

"Najua."

"Hili ni—"

"Najua ni nini! Mimi ndiye niliyekufundisha ni nini. Simama tu hapo."

Akasimama. Wifi aliingia kwa vishindo vya viatu vyake, akajibwaga kwenye kiti cha kukunja ambacho kililia, akamtazama mgonjwa juu mpaka chini.

"Umekwisha," alisema. "Unaumwa wapi?"

Dada alifumbua macho. Uso wake, uliokuwa umelala siku zote, uliwaka. "Nani kakuleta? Umekuja kunicheka?"

"Kukucheka nitakucheka ukipona. Nimeuliza unaumwa wapi."

"Kwani kuna pasipouma?" Dada alisema, na sauti ilitoka na nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo. "Mgongo unawaka moto. Huu mguu kama umefungwa waya. Nikivuta pumzi naumwa, nikiiacha naumwa. Usiku natamani nife, naogopa kulala nisije nikapiga kelele watu wakasikia. Umefurahi? Haya, kawaambie saluni wafurahi na wao!"

"Sijafurahi," Wifi alisema.

"Basi toka!"

"Sitoki."

Daktari alifungua pazia. Dada alimwona, kisha akamwona mdogo wake nyuma ya daktari, ameshika mdomo. Alielewa yote kwa mara moja. Mshonaji haoneshwi mshono mara mbili.

"Umenitega," alisema.

"Ndiyo, Dada."

"Sikukulea hivyo."

Ilikuwa kweli. Daktari alimsogelea mgonjwa na kadi ya nyuso. Dada aliitazama, akaisukuma ikaanguka. "Ya mwisho," alisema. "Hiyo inayolia. Sasa niacheni."

Kwenye korido, karibu na kabati, Sista aliinua chupa ya mofini akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Haikuhitaji maelezo mengi. Gari la dawa lilitegemewa, na siku yake haikujulikana.

"Kilichobaki kinatosha vitanda vyote kwa kipimo kile kile kidogo," daktari alisema. "Cha ziada kipo cha mtu mmoja. Mwalimu, najua hutakiwi kuulizwa wewe. Lakini baada ya niliyoyasikia pale, naogopa nikienda kitanda kwa kitanda bila kusalimia, watasema wote. Nifanyeje?"

Hili nalo alikuwa akilifundisha. Dawa ni moja, wagonjwa ni wengi, wewe una ndugu miongoni mwao. Jibu alilijua kama jina lake: unajiondoa, unawaachia wasio na ndugu waamue. Wanafunzi waliolijibu hivyo aliwapa alama zote. Alitazama chupa. Alitazama mlango wa wodi, na kutoka mle ndani alisikia Wifi akisema, "Lala vizuri basi, kichwa chako kizito," na sauti nyingine, sauti aliyoijua kabla hajajua kusoma, ikiguna mara moja tu, kwa sababu sasa haikuwa na haja ya kujizuia.

"Mwongezee," alisema.

Dada alikunywa. Haikuchukua muda mrefu. Mkono ulioshika upindo wa shuka ulilegea, kidole kimoja kimoja, mpaka ukafunguka wote, na Wifi akaanza kunyoosha vile vikunjo kwa kiganja, taratibu, kimoja baada ya kingine. Dada alifungua macho nusu. Wanawake wale wawili walitazamana. Hawakusalimiana hata hapo. Kisha Dada akalala, usingizi wa kweli, mdomo wazi, kama alivyolala zamani juu ya cherehani msimu wa kufungua shule. Mama Maswali alisimama akimtazama, na furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa na chafu kiasi kwamba alishindwa kumtazama mtu mwingine machoni.

"Amelala?" Mama wa Dirishani aliuliza kwa kunong'ona.

"Amelala."

"Mungu ni mwema. Nimesikia yote, mwanangu. Pazia si ukuta."

Mama Maswali alichukua kiti chake kutoka kwa Wifi. Alikwenda dirishani. Hakusimama miguuni pa kitanda. Hakumwamkia yule mama, hakumuuliza watoto, na shingo ilimwaka kwa aibu kana kwamba kuna mtu anamwona kutoka ndani na atamwambia arudi getini. Alikaa. Hakushika mkono.

"Unaumwa wapi?"

Mama wa Dirishani alimtazama, kidogo ameudhika. "Leo hatusalimiani?"

"Leo hapana, mama. Unaumwa wapi?"

Yule mama alitazama nje. Alipogeuka, ucheshi wote ulikuwa umemtoka, na chini yake palikuwa na mtu ambaye Mama Maswali hakuwahi kumwona. "Nyonga," alisema. "Nyonga, na huku chini pote. Naingiza pembe ya mto mdomoni, nauma, ili dada yako asisikie. Na yeye nadhani alikuwa anauma wake, ili mimi nisisikie." Alijaribu kucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuja."

"Mbona kila siku uliniambia nzuri?"

"Ulikuwa unakuja umechoka, umebeba kiti chako mwenyewe. Unaniuliza watoto kwa majina. Ningekuambia nini?" Alinyoosha mkono, akaushika yeye mkono wa mtafiti. "Haya, leo nimesema. Sasa na mimi wataniongezea? Ile aliyopewa dada?"

Koridoni, mbali kidogo, ufunguo ulikuwa unazungushwa kwenye kabati. Mama Maswali alitaka kusema kweli, kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa kweli. Alitaka kusema kwamba ilikuwepo, na kwamba ameulizwa yeye, na alichojibu. Machozi yakaja kabla ya maneno.

Mama wa Dirishani alimtazama akilia. Akaelewa kwamba yake haipo, akampigapiga mkono ule aliokuwa ameushika.

"Basi, mwanangu," alisema. "Basi, usilie. Andika nzuri."